"Hapa hakuna kanuni, kuna patroni tu": wafanyakazi wangu wanataka nini?

Swali: Nina miaka 61. Ninaongoza kampuni ndogo ya tranziti, yaani ya kupitisha mizigo ya wateja forodhani, hapa Lubumbashi: madeklaranti (wanaoandaa hati za forodha), madereva, watu wa ofisini, jumla 34. Karibu wote wana miaka kati ya 30 na 43. Nimewalea kama watoto wangu. Mtoto wa mfanyakazi akiugua, ninalipa hospitali. Noeli kila mmoja anapata mfuko wa unga na kuku wawili. Mtu akifiwa, ninatoa sanduku. Mwaka huu binti yangu aliwagawia karatasi zisizo na majina ili waseme wanaonaje maisha ya kazini. Majibu yamenichoma. Mmoja ameandika: "Hapa hakuna kanuni, kuna patroni tu." Mwingine: "Nikijua mshahara wangu unahesabiwa namna gani, nitalala usingizi." Mwingine ameomba asipigiwe simu usiku. Sisi tulikaa kwa mwajiri mmoja miaka ishirini bila kuuliza. Hawa wanaondoka kwa nyongeza ya dola 50. Mmoja aliyekwenda Kolwezi, kule kwenye migodi, sasa anaomba kurudi. Kizazi hiki kinataka nini? Na huyo nimpokee?
Baba wa Kampemba

Jibu:

Jambo sana, Baba.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, na ile mara ya pili ndipo nilipoona kwamba sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe. Umetaja hospitali, unga, kuku, sanduku. Kontra, yaani mkataba wa kazi, hukuitaja. Karatasi ya mshahara hukuitaja, wala saa za kazi. Wafanyakazi wako nao wameandika juu ya hivyo hivyo ulivyoviruka. Sioni ugomvi hapo. Naona watu wawili wanaozungumza juu ya wema, na kila mmoja ana wema wake kichwani.

Kwanza nikutoe wasiwasi juu ya neno "kizazi". Huko Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kinahesabu katika kizazi cha milenia watu waliozaliwa kati ya 1981 na 1996. Mdogo wao kabisa leo anagonga miaka 30. Kwa hiyo hao unaowaita watoto wana watoto wao, wanalipa minervali (karo ya shule), na baadhi yao ndio wanaowalisha wazazi waliobaki Likasi au kijijini. Lawama ya kwamba hawatulii kazini ilipimwa na kituo hicho hicho mwaka 2017. Kati ya Wamarekani wa kizazi hicho wenye miaka 18 hadi 35 waliokuwa na kazi mwanzoni mwa 2016, asilimia 63.4 walikuwa wamekaa kwa mwajiri wao angalau miezi 13. Waliowatangulia, walipokuwa na umri huo huo mwaka 2000, walikuwa asilimia 59.9. Yaani kizazi kinachosemwa kuwa kinarukaruka kilitulia zaidi kidogo kuliko kaka na dada zake. Mwaka 2020 Akademia za Taifa za Sayansi za nchi hiyo zilichapisha ripoti nzima ya kuwashauri waajiri wasiwapange watu wao kwa vizazi, kwa kuwa ushahidi wa tofauti hizo ni dhaifu. Mara nyingi kinachoitwa tabia ya kizazi ni umri wa mtu tu, au hali ya nyakati zake.

Hesabu hizo ni za Marekani na tuziache huko. Ila hayo maneno ya mwisho, hali ya nyakati, yana uzito mkubwa sana Lubumbashi, na hapo nataka tukae kidogo.

Wewe ulikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ilipokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Uliijua Lubumbashi ambayo wazee walisema kampuni ni baba, ni mama. Nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, na mtoto wa kambini akijua tangu darasa la kwanza kwamba naye ataingia mulemule. Utaratibu huo ulikuwa wa zamani. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, iliuanza mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoona ni afadhali mfanyakazi akae kambini na mke na watoto kuliko kumleta kwa miezi michache na kumrudisha kijijini. Ndiyo shule ya uongozi tuliyoachiwa. Hata wewe ambaye una kampuni ya tranziti na huchimbi shaba, unaongoza kama baba wa kambi, kwa sababu ndivyo ulivyoona mkubwa mwema anavyofanya.

Sasa chukua mtu aliyezaliwa 1985. Ana miaka mitano, mgodi wa Kamoto unaporomoka, Septemba 1990. Ana sita, maduka ya mjini yanaporwa. Ana tisa, shaba ya mwaka mzima imeshuka chini ya tani 50,000. Kambini mishahara inachelewa mwezi mmoja, halafu miezi mingi. Na kwa kuwa vyote vilikuwa mkononi mwa baba mmoja, vyote vilianguka pamoja: posho, shule, dawa, hata heshima ya mzee nyumbani kwake. Mama ndiye aliyetoka kwenda kuuza mkaa na mboga ili watoto wale bukari, ugali wetu. Mtu huyo anafikisha miaka 18, ni 2003, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wanaondoka Gécamines katika mpango uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Wapo wazee wengi katika jiji hili ambao hadi leo hawalikubali neno hilo "hiari".

Mtu huyo ndiye deklaranti wako.

Haijalishi kama baba yake mwenyewe alikuwa kambini. Mimi ni wa umri huo, baba yangu alikuwa mwalimu Katuba, lakini darasani nilikaa na watoto wa kambi na niliona walivyoacha kuja shuleni mmoja mmoja. Somo lililotuingia sisi sote ni hili: wema wa mwajiri ambao haukuandikwa mahali unaweza kuisha asubuhi moja, na ukiisha hakuna mlango wa kugonga. Baada ya hapo, mtu akikuambia "mimi ni baba yenu, msiwe na wasiwasi", ndipo wasiwasi unapoanza.

Tuna neno letu linalobeba jambo hili lote: matabishi. Mteja anamwachia mhudumu matabishi. Mkubwa akiamka na moyo mzuri anatoa matabishi. Ni tamu kuyapokea, wala sina neno baya nayo. Lakini matabishi hayadaiwi, huwezi kuyapangia matumizi ya mwezi, na anayeyapokea huinamisha kichwa kidogo. Unga wako wa Noeli ni matabishi, na uendelee nao kwa furaha. Shida inaanza pale ambapo karibu kila kitu kingine kazini nacho kimekuwa matabishi: nyongeza ya mshahara, ruhusa ya siku mbili, mkopo wa minervali, usafiri wa usiku. Mfanyakazi anajifunza kukusoma uso kabla ya kuomba. Anamuuliza sekretari, "Leo mukubwa yuko namna gani?" Huo ndio utamaduni wa kazi jinsi wanavyouona wao, na ndiyo maana ya ile karatasi iliyokuchoma zaidi. Mwandishi wake hakusema wewe ni mbaya. Amesema maisha yake yanategemea umeamka vipi.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likakuuma, Baba, na nalisema kwa heshima yote. Hospitali si matabishi. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwagiza mwajiri kumtibia mfanyakazi pamoja na familia yake muda wote wa kontra. Nyumba, au pesa ya nyumba, imo katika sheria hiyo. Pesa ya watoto imo. Kila unapolipa mshahara unatakiwa kutoa karatasi inayoonyesha hesabu yake. Juma la kazi halizidi saa 45, na siku haizidi saa 9. Saa za ziada zina bei yake: sita za kwanza za juma zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na za siku ya mapumziko asilimia 100.

Wafanyakazi wako wanayajua haya. Wengine wamesoma UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, wengine wana sheria yote ndani ya simu. Wewe unalipa bili ya hospitali na unasubiri asante yenye machozi, kama baba yako alivyomshukuru mkubwa wake. Wao wanaona mtu anayewapa kilicho chao huku akikiita zawadi. Wanasema asante, lakini ya midomoni, nawe unaisikia ilivyo nyepesi na kusema kizazi hiki hakina shukrani. Nimeona hali hii katika kampuni nyingi za mji huu, ndogo na kubwa, na kila mara pande zote mbili ni watu wazuri walioumizana bila kutaka.

Angalia pia kontra zako. Kontra ya muda maalumu haipiti miaka miwili, na haifanywi upya zaidi ya mara moja. Na kama una madereva au vibarua unaowalipa kwa siku, fahamu kwamba mtu aliyekwisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa ameajiriwa bila kikomo. Sikutishi na mkaguzi wa kazi. Nataka ujue kwamba mtu anayeishi kontra ya miezi mitatu mitatu hawezi kuipenda kampuni, hata akitaka. Moyo wake hauna pa kukaa.

Hili nimeliishi. Nilipomaliza masomo niliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikipeleka wafanyakazi kwenye migodi. Kontra yangu ilikuwa ya miezi mitatu, ikarudiwa, ikarudiwa tena, hadi nikaacha kuhesabu. Mkubwa wetu alikuwa mtu mpole kabisa. Alijua majina ya watoto wetu, alitugawia sabuni na sukari. Lakini tulikula katika chumba tofauti na wale walioajiriwa na mgodi moja kwa moja, chakula tofauti, na basi letu lilikuja la mwisho. Kazi ilikuwa ileile, meza jirani. Niliondoka kwa nyongeza ya dola 40. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, kwa sababu wote walidhani wanajua: dola 40. Ukweli ni kwamba nilichoka kusubiri siku ya mwisho ya kila mwezi wa tatu ili nijue kama bado nina kazi.

Kwa hiyo hizo dola 50 zako tuzitazame vizuri. Kwa mtu mwenye watoto watatu si pesa ndogo, na tusimwone mlafi. Lakini jiulize kama yupo hata mmoja kwako anayeweza kusema, "Nikikaa hapa miaka mitatu, nikijifunza taratibu zote za forodha, nitakuwa nalipwa kiasi hiki." Kama hakuna, basi dola 50 za Kolwezi ndizo namba pekee ambayo mtu huyo ameiona maishani mwake kama mfanyakazi wako. Atakwenda kwenye namba. Wewe una nia njema, lakini nia njema haihesabiki, na mwenye nyumba wake haipokei.

Simu za usiku. Hapa nitakutetea kidogo. Malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hayana saa, na mtu anayefanya kazi ya tranziti akitaka jioni zote zifanane na za karani wa benki, amekosea kazi. Lakini niambie ukweli: usiku ni lori kweli lililokwama, au ni wewe umekumbuka jambo la kesho ukaona afadhali ulimalize? Nimekutana na wakubwa wengi wa umri wako ambao usiku ndipo mawazo yanapowajia, na kundi la WhatsApp liko pale pale mkononi. Ujumbe wa saa nne usiku unaosema "msisahau dosie ya kesho" unawaamsha watu 34 na hauliondoi lori hata moja. Weka zamu. Kila usiku mtu mmoja, jina lake liko ukutani tangu mwanzo wa mwezi, na saa zake zinalipwa kwa bei ya sheria. Wengine walale.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba usiliguse: kilio. Katika karatasi ulizonieleza hakuna hata moja iliyolalamikia sanduku, na hilo halikunishangaza. Watu wa umri wangu tunataka kontra iliyo wazi, lakini hatujawa watu wa kutazama saa wakati mwenzetu ana maiti nyumbani. Mkubwa akija jioni, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama wengine, akanyamaza na wanaonyamaza, hilo halisahauliki. Nimewahi kumsikia mtu akikataa kazi ya pesa zaidi kwa sababu hiyo tu. Ninachoongeza ni kimoja: kampuni inatoa kiasi gani kwa msiba wa mzazi, wa mke au mume, wa mtoto? Kiandikwe, kiwe kilekile kwa dereva na kwa mhasibu. Wewe kuja, hilo haliandikwi. Hilo ni lako.

Utaanzia wapi? Usifanye yote kwa pamoja, utachoka na wao watadhani ni homa ya mwezi mmoja. Mwezi huu anza na karatasi ya mshahara tu: msingi, nyumba, watoto, saa za ziada, makato, jumla. Kila mtu mkononi mwake, bila kelele. Yule aliyeandika kwamba atalala usingizi, mwache alale kwanza. Baadaye waite, siku ya kazi na ndani ya saa za kazi, usiwashikilie Jumamosi mchana, na uzisome zile karatasi mbele yao kwa sauti yako mwenyewe. Ile ya patroni usiiruke. Isome ilivyo, kisha useme utakayofanya na yale ambayo huwezi kufanya mwaka huu. Na tafadhali, Baba, usitafute mwandiko ni wa nani. Ukimtafuta hata kwa macho tu, watajua, na binti yako hatapata tena jibu la kweli kutoka kwao.

Kanuni za ndani na ngazi ya mishahara zitachukua muda zaidi, labda miezi kadhaa. Ziandike pamoja na watu wawili au watatu waliochaguliwa na wenzao. Najua wakubwa wengi wakisikia neno delege, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, wanaona mgomo. Kwa uzoefu wangu, delege aliyekaa mezani tangu mwanzo ndiye anayekusaidia kuwaambia wenzake kwamba hesabu hairuhusu. Na kanuni zitakukinga wewe pia. Anayechelewa kila Jumatatu leo unamsamehe kwa sababu ni mtoto wa rafiki yako, na mwenzake unamkata mshahara. Siku kanuni itakapokuwa ukutani, wote wawili watakatwa, na nakuhakikishia manung'uniko yatapungua, kwa sababu wataona mkato haukutokana na hasira zako.

Unaweza kuhofia kwamba ukiandika kila kitu, ule udugu utapotea na utabaki na watu wa karatasi. Hofu hiyo naielewa, na naiheshimu, maana umewapa watu hawa miaka yako. Lakini fikiria: mtu asiyekuogopa kwa ajili ya mshahara wake ndiye anayeweza kuja ofisini kwako kukuambia kwamba mteja fulani anakudanganya, au kwamba kosa la juzi lilikuwa lake. Leo nani anakuambia mambo hayo? Kama umekuwa ukiyasikia ya mwisho, baada ya hasara, basi udugu ulionao unakuficha vitu vingi.

Sasa huyu wa Kolwezi. Mpokee, kama kazi yake ilikuwa nzuri na kama nafasi ipo. Usimwombeshe msamaha mbele ya wenzake, maana hakukukosea, alitafuta maisha. Usimpe pia mshahara mkubwa kuliko wa waliobaki wenye kazi sawa na yake, maana wanakutazama, na watajifunza kwamba njia ya kupanda kwako inapitia Kolwezi. Mpe kontra iliyoandikwa, katika ngazi ileile utakayowaonyesha wote. Na kabla hajarudi mezani, kaeni wawili tu, umuulize siku ile alipoamua kuondoka ilikuwa imetokea nini asubuhi yake. Akianza kusema, usijitetee. Chukua kalamu, uandike.